Ndama Aliye Ubavuni mwa Mama Yake

Toronto,
Machi, 1997

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Pokea salamu zangu nyingi, vaa miwani yako, na tafadhali keti, maana barua hii ni ndefu na haifai kusomwa umesimama mlangoni na ndoo mkononi. Mimi ni mzima. Inayoteseka ni pua tu. Nikitoka nje inakufa ganzi, nikirudi ndani inaanza kutiririka. Goti lako linaendeleaje? Ile dawa ya kuchua niliyompa mke wa mchungaji akuletee ilikufikia, au uliigawa kwa majirani kama kawaida yako? Na mvua je? Nauliza habari za mvua huku nikiogopa jibu.

Barua yako niliipata Januari. Niliisomea kwenye ngazi za nyumba tunayoishi, hata glavu sijavua. Umeiandika kwa mkono wako mwenyewe, kwa zile herufi kubwa ulizofundishwa kwenye elimu ya watu wazima, na hukuzungusha maneno. Malisho yamekwisha, ng'ombe wengi wamekufa, wamebaki saba, wote majike. Ukishavuna hicho kidogo kilichosimama shambani utawapeleka wote mnadani, kisha uhamie mjini kwa kaka Elia. Ukaniuliza mimi naonaje, kwa kuwa ndiye niliyesomea mifugo.

Mama, nilikuwa nimeshaanza kukujibu kwamba uuze. Nilikwisha kujaza ukurasa mzima. Niliandika kama bibi mifugo kweli kweli, kwamba kundi likishuka kiasi hicho ni shida kunyanyuka tena, kwamba umechoka, kwamba goti halitaki tena kutembea juani kutafuta maji. Ukurasa ule nimeuchana juzi. Nataka nikueleze kwa nini nimeuchana, na nakuomba usimpeleke hata mmoja mnadani kabla hujafika mwisho wa barua hii.

Ni lazima nianzie kwenye kazi yangu mpya. Unakumbuka nilikuambia nilikuwa Malton, kule karibu na uwanja wa ndege, nafunga mizigo kwenye ghala. Nilikuwa nabadilisha mabasi matatu kwenda na matatu kurudi, na mgongo ukaanza kuongea. Sasa pale kanisani kwetu kuna mama mmoja mzungu anaitwa Helen, mwalimu wa chuo kikuu, msomi wa wanyama wa porini. Siku moja tukiosha vikombe baada ya ibada akaniuliza nyumbani nilikuwa nafanya kazi gani. Nikamwambia nilisomea mifugo Mpwapwa, nikazunguka vijijini miaka tisa nikichanja ng'ombe. Akaacha kikombe ndani ya maji. Akasema ana kazi inayotaka mtu mwenye jicho la mifugo, kazi ya kukaa mezani, ya kujaribiwa hadi Pasaka, na kama nikiifanya vizuri atanichukua moja kwa moja. Nilikubali kabla hajamaliza.

Kazi yenyewe ni kuhesabu wanyama kwenye picha. Usicheke. Huko kaskazini, mbali kuliko unavyoweza kufikiri, siku nyingi za gari na mwisho wake barabara hakuna, kuna mnyama anaitwa karibuu. Nimeshakusikia ukisema jina hilo ni la kumkaribisha mgeni, basi nimelimaliza neno hilo, tuendelee. Ni mkubwa kama mtamba wetu, manyoya ya kijivu, kwato pana za kutembelea theluji, na hata majike wana pembe. Hana mwenyewe, hana zizi, hana mchungaji. Wakati wa baridi anachimba theluji kwa kwato atafute chakula chake, kitu kama ule ukoko wa kijivu unaoota juu ya miamba ya kwetu, ambao ukishaliwa unachukua miaka mingi kuota tena. Wakati wa joto mbu na nzi wa huko wanamtesa mpaka anakimbilia pwani kwenye upepo, na hapo ndipo wanapokusanyika maelfu kwa maelfu, wamebanana kama siku ya josho. Basi ndege ndogo inapita juu yao kuwapiga picha, na picha zinaletwa Toronto kwenye meza yangu.

Unawekewa picha kubwa kama kitambaa cha meza. Juu yake unatandaza nailoni nyembamba inayoonyesha. Unashika kioo cha kukuzia mkono mmoja na kalamu ya wino mwekundu mkono wa pili, na kila mnyama unamtia nukta, ili usimrudie. Wakubwa unawaandika kwenye safu yao, ndama kwenye safu yao. Kuanzia Novemba nimekaa kwenye meza ile. Daktari Helen alikuwa anapita, anatazama nukta zangu zilivyonyooka, anafurahi. Alisema hajapata kuona mtu mwenye utulivu kama wangu. Nami nilivimba kichwa kidogo, nisikufiche.

Nilidhani wanataka kujua jumla tu, ni wangapi. Kumbe jumla ndiyo kitu wanachokiamini kidogo. Daktari alinieleza kwa subira sana. Kundi la maelfu linaweza kuwa linakufa na mtazamaji asijue, kwa sababu wanyama wazima huishi miaka mingi na wanaendelea kuijaza picha. Kinachosema ukweli ni ndama. Ukichukua majike, ukaangalia wangapi wana ndama aliyevuka miezi ya mwanzo, hapo unajua kundi linakwenda wapi. Madume hata wakipungua si neno kubwa. Jike ndiye kundi. Na jike akikonda kwa njaa, mwaka huo hapandwi, au akipandwa hashiki, mwili wake unakataa. Anapumzika. Mwaka unaofuata akila akanona, anazaa. Mtu asiyejua atasema huyu ni tasa, kumbe anangoja. Nakuomba uyaweke maneno hayo ya jike anayengoja, maana nilipoyasikia nilimkumbuka yule mwekundu wako mwenye pembe iliyoinama, aliyekaa miaka miwili bila kitu halafu akazaa mfululizo mpaka tukamchoka.

Basi mwezi wa kwanza nikamaliza picha zote. Tukajumlisha. Daktari akatazama safu ya ndama, akavua miwani, akaivaa, akatazama tena. Ndama walikuwa wachache mno. Kesho yake akaniambia kwamba kama hesabu ni hiyo, basi kundi lile linashuka, na miaka michache ijayo litakuwa limebaki kivuli. Angeandika ripoti, na maofisa wangeitisha kikao, na wenyeji wa kule pwani wangeambiwa wapunguze kuwinda, au waache kabisa kwa miaka kadhaa.

Nami nikasikitika, Mama, kama mtu anavyosikitikia habari za redioni. Nilikuwa ndiyo nimepata barua yako. Usiku na mchana nilikuwa na makundi mawili kichwani, lao na lako, yote mawili yanakwisha, na ndipo nikakaa kuandika ule ukurasa wa kukuambia uuze.

Februari akaja Bi Agnes. Huyu ni mama wa makamo, mwenyeji wa pwani ile ile. Watu wake wamekula karibuu na kuvaa ngozi zake tangu wazungu hawajafika. Alitumwa na watu wake asikilize ripoti kabla ya kikao, akafikia kwa binti yake anayesoma hapa mjini. Mfupi, mnene kidogo, anaongea kwa sauti ya chini kiasi kwamba watu wote wanalazimika kunyamaza. Daktari alimwonyesha karatasi. Bi Agnes aliangalia, akarudisha, akasema kiangazi kilichopita walikuwa kambini pwani wiki kadhaa, na ndama walikuwa wengi, wanawake wote waliwaona. Daktari akamjibu kwa heshima kwamba kambini mtu anaona sehemu tu, picha zinaona kundi zima. Bi Agnes hakubisha. Alisema kama ni lazima waache kuwinda wataacha, kwa sababu wanataka wajukuu wao nao wamkute mnyama huyo, ila wazee wengi kule hawali nyama ya duka, na yeye ndiye atakayerudi kuwaambia. Kisha akaomba maji ya kunywa.

Nilikuwa nimekaa meza ya pembeni na kazi yangu nyingine. Sikuambiwa niseme kitu. Nikavuta picha moja, nadhani ili nisionekane nasikiliza tu, nikaweka kioo juu yake. Palikuwa na jike amesimama ubavu, ana nukta yangu nyekundu mgongoni. Na chini ya ubavu wake, amejibana hasa, miguu minne myembamba na mgongo mdogo. Hana nukta. Nikahamia kwa mwingine. Naye hivyo hivyo. Nikavuta picha ya pili. Ndama waliosimama peke yao niliwahesabu wote, waliokuwa wanakimbia mbele niliwahesabu. Lakini kila ndama aliyegusana na mama yake, mkono wangu ulimpita. Mama na ndama, nukta moja.

Wewe unajua kwa nini, na ni wewe peke yako duniani ninayeweza kumwambia bila kueleza mwanzo. Kosa hili ni lako. Nasema kwa upendo, lakini ni lako. Ni nani aliyenifundisha kwamba ng'ombe hahesabiwi kwa kidole? Ni nani anayesimama langoni mwa zizi jioni, wanaingia, naye anajua aliyekosekana kwa rangi yake tu? Na mgeni akikubana akitaka idadi, unamtajia wakubwa, basi. Ndama anayenyonya humtaji. Huyo yuko kwa mama yake. Atatajwa atakapokuwa amemaliza masika moja akila majani kwa mdomo wake. Nilikuwa na miaka saba au minane siku ile alipokuja karani wa kodi, nikaruka mbele yake nikapiga kelele kwamba tuna ndama wanne wapya, huyu na huyu na huyu na yule. Wiki ile ile wawili wakafa kwa kuhara. Hukunipiga. Ungenipiga ingekuwa nafuu. Ulinitazama tu, ukaendelea kukamua. Tangu siku hiyo mkono wangu ulipata adabu, na adabu hiyo nimeibeba mpaka kwenye meza ya chuo kikuu bila kujua kwamba ninayo. Vitabu vya Mpwapwa havikuitoa, miaka tisa ya kuchanja haikuitoa.

Sikusema kitu siku ile. Nakuambia ukweli, niliogopa. Pasaka ilikuwa haiko mbali, na nilishaona nikirudi Malton na mabasi yangu matatu. Nikawaza labda ni picha hizo mbili tu. Nikawaza pia kwamba Daktari amenisifia mbele ya watu, na mimi ni mgeni, na mgeni akikosea hapa hukosea kwa niaba ya nchi yake nzima.

Nyumbani naishi na Mama Furaha, yule mama wa Bukavu niliyekusimulia, anayehudumia wazee kwenye nyumba ya kulelea. Alikuwa anasuka nywele za binti yake. Furaha anaelewa kila neno tunalosema na anajibu Kiingereza tupu, mama yake ameshakata tamaa. Nikamweleza yote. Mama Furaha hakuacha kusuka. Aliuliza kitu kimoja tu, wale watu wa kaskazini watakula nini. Nikasema sijui, watanunua dukani kama watu wengine, nadhani. Akanitazama.

“Dada, mi nasema enda kesho asubui umuambie,” alisema. “Kama anakufukuza, biro ya kazi si hii moja tu, na utakula kwangu. Lakini ile nyama ya bale bazee ba kule kaskazini, wewe ndiye unaibeba sasa.”

Asubuhi nilifika kabla ya Daktari. Nilipanga picha tatu mezani, na kando ya kila ndama niliyemruka nikaweka punje ya mchele, maana wino nilikuwa naogopa kuugusa. Alipoingia nilimwambia kabla hajavua koti. Nilimwonyesha zile punje. Nikamwambia ni picha zote, si hizi tu. Alikaa. Uso wake ulipanda wekundu mpaka kwenye masikio, nami nikajua sasa basi. Akaniuliza inawezekanaje, mtu aliyesomea mifugo, mtu makini kama mimi. Nikamweleza habari zako, zizi, rangi, karani wa kodi, ndama wawili. Kwa Kiingereza ilisikika kama kisingizio cha mtoto. Nilipomaliza akatazama dirishani ambako hakuna cha kutazama isipokuwa theluji, kisha akasema ripoti imeshapigwa chapa, na kikao ni baada ya wiki tatu.

Nikasema nitahesabu upya zote. Sitaki kulipwa kwa hilo. Akasema si suala la malipo, suala ni kwamba hawezi tena kuamini jicho langu peke yake, na yeye ana madarasa ya kufundisha. Alisema hivyo bila ukali, na ndiyo maana iliuma zaidi.

Aliyetuokoa ni Bi Agnes. Alikuja mchana wake kuaga, akamkuta Daktari amevurugika, akaambiwa. Alinitazama tangu viatu mpaka kilemba. Nilingoja maneno. Akavua koti, akavuta kiti upande wa pili wa meza yangu, akaomba kioo cha kukuzia. Alisema kurudi kwao kunaweza kungoja, maana akirudi sasa hana la kuwaambia.

Wiki mbili na nusu tumekaa hivyo, mimi na yeye, picha katikati. Mimi naweka nukta, yeye anakagua, halafu tunabadilishana. Jicho lake, Mama, ungelipenda. Anamjua jike aliyenyonyesha kwa jinsi anavyosimama. Anamjua ndama aliyejificha nyuma ya mama yake kwa kivuli tu. Mwanzoni tulikuwa hatuongei, nilikuwa na aibu. Siku ya tatu akaanza kunisimulia. Babu yake alipokuwa kijana karibuu walitoweka kabisa pwani ile, watu wakaishi kwa samaki na sungura, wengine wakafa njaa. Wakakaa muda mrefu hivyo, mpaka watoto wakakua hawajui ladha yake. Kisha wakaonekana wachache, majike na ndama, na wazee wakakataza mtu yeyote kugusa jike. Waliobaki wachache ndio wakawa hawa maelfu ninaowatia nukta leo. Alisimulia kama mtu anayesimulia habari za ukoo wake. Nilimsikiliza huku nawaza habari zako.

Hesabu imetoka wiki iliyopita. Ndama ni wengi. Si mwaka wa neema kubwa, Daktari anasema, lakini ni mwaka mzuri, kundi linajimudu. Ameandika ripoti upya, na kikao kimeshafanyika, na watu wa pwani wataendelea kuwinda kama kawaida kwa sharti la kuacha majike wakati wa kuzaa, jambo ambalo Bi Agnes anasema wamelifanya siku zote bila kuambiwa na ripoti. Na mimi sikufukuzwa. Daktari aliniita, akaniambia kwamba katika miaka yake yote wasaidizi wengi wamekosea, na ni mimi tu niliyekuja kumwambia kabla hajagundua. Kazi imekuwa ya kudumu. Ila kuanzia sasa kila picha itahesabiwa na watu wawili, na hilo nimelipokea kwa mikono miwili.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nichane ule ukurasa.

Siku ya mwisho tulikuwa tunakunywa chai, mimi na Bi Agnes, tumechoka macho. Nikamwambia kwamba na kwetu kuna ukame, na mama yangu anataka kuuza ng'ombe wake wote kwa kuwa kundi limekwisha. Akauliza wamebaki wangapi. Nikasema saba. Akapuliza chai yake.

“Saba kwa hesabu ya nani?” akauliza.

Niliweka kikombe chini. Mama, nilikuwa nimeangalia picha zao kwa macho yako, halafu nikaisoma barua yako kwa macho yao. Nimekosea kote kuwili. Saba! Umeniandikia saba nami nikaamini ni saba, mimi, mtoto wako, niliyekaa miaka yote hiyo langoni mwa zizi hilo. Tangu lini ukamtajia mtu hesabu ya ndama wanaonyonya? Hata mimi hukunitajia, na sasa naona kwa nini. Uliogopa kuwataja mwaka kama huu.

Niliporudi nyumbani nikaisoma tena barua yako, neno kwa neno, nikitafuta wasiotajwa. Na nimewapata. Kule chini, ulipokuwa unalalamikia bei ya sukari, umeandika kwamba maziwa si haba, yanatosha uji wa watoto wa jirani. Mama, ng'ombe wetu hawa wa kienyeji hawamwagi maziwa kwa huruma. Bila ndama kuanza kunyonya kwanza, utakamua mpaka kidole kikauke. Maziwa ya kutosha uji wa watoto wa jirani hayatoki kwa jike mmoja aliyekonda, na ukame huu. Basi wapo. Sijui ni wawili au ni wanne. Lakini wako pale zizini sasa hivi, wamejibana ubavuni mwa mama zao, na wewe umeniandikia kwamba kundi limekwisha.

Halijaisha. Nakuambia sasa kama bibi mifugo na kama mtu aliyekosea hesabu kubwa kuliko yako. Waliokufa ni wale waliokuwa wamezeeka, na madume, na tulioshindwa kuwapa maji. Waliobaki ni wale wenye miguu ya kuufikia mto na tumbo la kubeba. Hao ndio kundi. Wasiokuwa na ndama mwaka huu usiwaite tasa, wanangoja majani. Ukiwapeleka mnadani utakuwa umeuza miaka ijayo yote kwa siku moja. Kwa kaka Elia utakwenda kutembea, ukae wiki mbili ule wali, kisha urudi kwako. Kama goti linakataa mwendo wa maji, mwambie kaka Elia alete kijana wa kuwapeleka, gharama niachie mimi na mshahara wangu wa kudumu. Ukiniambia bado unataka kuuza, nitakubali, ng'ombe ni wako. Lakini ukinikubalia, nitapata usingizi.

Msalimie kaka Elia na mwambie namkumbuka, asikasirike kwamba nakuzuia kuhamia kwake, chumba chako akipangishe. Msalimie wifi yangu mke wake, na shangazi mkubwa anayekuletea kuni, mwambie kanga yake nimeinunua, inangoja mtu wa kuibeba. Msalimie mke wa mchungaji kama kweli alikuletea dawa. Na jirani yetu baba Yona mpe salamu zangu maalumu, na dume lake mpe zaidi, maana nimesikia limepona ukame, na wewe unao majike saba wanaolihitaji masika yatakapokuja. Mama Furaha naye anakusalimu, ingawa hamjaonana, anasema mama wa rafiki yake ni mama yake.

Kesho asubuhi, kabla hujawafungulia, simama langoni. Idadi sikuulizi, najua hutaniandikia. Niandikie rangi za ndama.

Ni mimi mwanao akupendaye,
Perisi